Kiangazi Alicholala Mkwe Wangu

Tarehe 2, mwezi wa saba

Daftari hili ni la vipimo vya wateja, lakini nusu ya nyuma iko tupu na mimi sipendi karatasi ikae bure. Nitaandika humo. Marehemu mume wangu aliandika kila siku mpaka wiki aliyofariki, na mimi nilikuwa namcheka. Sasa naona afadhali niongee na karatasi kuliko kuongea na cherehani.

Habari kubwa: mkwe wangu ana mimba. Miezi mitatu na kidogo. Mwanangu alipiga simu kutoka safarini, injini ya lori inanguruma nyuma yake, akasema, "Mama, unakuwa bibi." Nikamwambia mimi bibi nimekuwa tangu magoti yalipoanza kulia. Tukacheka. Nilipokata simu nikalia kidogo, nikafuta macho kwa kipande cha bitana, nikaendelea na kazi.

Maji ya bomba yamekatika tangu jana, kama kila kiangazi. Sisi hatuna wasiwasi. Kisima chetu cha uani hakijawahi kukauka tangu baba mkwe wangu alipokichimba. Maji meupe, baridi, hayana harufu. Mtaa mzima unachota hapa.

Tarehe 5

Upepo na vumbi. Sare za shule zimeanza kuingia.

Tarehe 9

Mkwe wangu ameamka saa tatu. Saa tatu! Mimi nilikuwa nimeshapinda sketi nane, nimefagia uwanja, nimechota maji na kusikiliza matangazo yote ya vifo redioni. Akatoka chumbani macho yamevimba, akasema, "Shikamoo, mama," kwa sauti nzito kama ya mzee mvuta tumbaku.

"Marahaba. Umelala salama, au bado unalala?"

Alikuja kutabasamu baadaye sana, kama vile utani wangu ulipitia posta kwanza.

Nimembandika jina: Bi Usingizi. Shoga yangu muuza mkaa, jirani wa mbele, amelipenda hata analitumia kuliko mimi.

Tarehe 14

Muuza mkaa ameuliza mtoto atachukua meno ya nani. Sisi wa mtaa huu tunajulikana kwa meno. Mimi nilizaliwa nyumba ya tatu kutoka hapa, na meno yangu yana madoa ya kahawia kama kitambaa kilichomwagikiwa chai. Mwanangu hivyo hivyo. Tumezoea kusema ni damu ya mtaa. Mkwe wangu katoka mbali, aliolewa hapa miaka miwili iliyopita, na meno yake ni meupe ajabu. Siku ya harusi alikuwa anacheka mpaka mpiga picha akamwomba afunge mdomo kidogo. Siku hizi hacheki.

Kliniki wamesema achemshe maji ya kunywa. Kazi hiyo nimeichukua mwenyewe maana yeye atasahau sufuria mpaka iungue. Nachemsha mpaka yapungue nusu, ndipo naamini vijidudu vimekufa vyote. Na chai namkolezea, nyeusi tititi, vikombe vitano au sita kwa siku, huenda ikamfumbua macho. Mtu asije akasema simjali.

Tarehe 23

Nimempima gauni la ujauzito. Katika kurasa za mbele nina vipimo vya gauni lake la harusi, shingo sentimita thelathini na mbili. Leo thelathini na nne. Nikamwambia, "Unanenepa mpaka shingo, binti. Usingizi una lishe."

Akasema, "Ndiyo, mama."

Ndiyo mama, samahani mama, sawa mama. Nina mkwe mwenye maneno matatu.

Tarehe 3, mwezi wa nane

Hakuna jipya. Joto limeanza. Bomba bado.

Tarehe 11

Leo nimekasirika mpaka nikashindwa kutia uzi kwenye sindano, na fundi akishindwa kutia uzi siku imekwisha.

Nilimpa mashati ishirini na mawili ya wavulana ashone vifungo. Vifungo tu. Mtoto wa darasa la sita anaweza. Nikaenda sokoni kununua uzi, niliporudi nikakuta amemaliza, nikafurahi, nikashika shati la kwanza: vifungo viko upande wa matundu. La pili vile vile. Yote ishirini na mawili. Mwalimu mkuu alikuwa anakuja kuyachukua saa nane.

"Hiki nini?" nikamuuliza.

Akaliangalia shati. Akaligeuza. Akaliangalia tena kama anasoma barua ya lugha nyingine. "Samahani, mama. Nilidhani..."

"Ulidhani! Kwa kichwa kipi? Kuna mtu ndani humo?"

Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi. Nilipaswa kunyamaza, lakini mdomo wangu ukishashuka mteremko hauna breki. Nikamwambia mimba si ugonjwa. Nikamwambia mimi nilijifungua Jumatatu, Alhamisi nikakaa kwenye cherehani. Nikamwambia, "Mtoto huyu akizaliwa atalelewa na nani? Na godoro?"

Wale wateja wakacheka. Mmoja akasema, "Fundi, wewe utamuua mtu kwa mdomo."

Yeye aliketi chini, akaanza kufumua vifungo kimoja kimoja, pole pole mno, na nilipomwangalia tena alikuwa amesinzia na wembe mkononi. Nikaunyakua. Nikafumua mwenyewe, nikashona mwenyewe. Mwalimu mkuu akasubiri mpaka saa kumi.

Tarehe 12

Mgongo unauma. Sijaongea naye. Yeye pia hajaongea, lakini kwake huwezi kujua kama amenuna au yuko hivyo tu.

Tarehe 26

Mwanangu amekuja, siku mbili. Nilimweleza yote: kulala, kusahau, vifungo, maziwa aliyoyaacha jikoni yakafurika mpaka yakazima moto. Alisikiliza akikuna kidevu kama baba yake.

"Mama, mwanzoni hakuwa hivi."

"Mwanzoni wote huwa hawako hivi, mwanangu."

Baadaye nikamsikia chumbani akimwambia, "Jikaze kidogo, mke wangu. Mama kazeeka, anachoka." Nilifurahi kwamba ananitetea. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Tarehe 7, mwezi wa tisa

Ameanza kuvaa sweta. Jua la kupasua bati, mbuzi wamejibanza ukutani, na yeye kavaa sweta na soksi. Muuza mkaa anasema, "Huyo anakukomoa, shoga. Anataka watu waseme hapewi chakula."

Nywele zake zinakatika. Nimezikuta kwenye ufagio.

Tarehe 15

Nusu ya mchana bila umeme. Nimepiga pasi kwa mkaa.

Tarehe 6, mwezi wa kumi

Gauni la ujauzito limebana. Nikamwita nimlegezee. Tumbo limeongezeka, lakini si kwa kadiri ya miezi sita na zaidi. Nimewashonea wajawazito wengi, jicho langu linajua. Mabega yamepungua na mikono imekonda. Nikazungusha tepu shingoni: thelathini na sita na nusu.

Nikapima tena, nikidhani nimekosea. Nikapima mara ya tatu.

Nina miaka thelathini na minane kwenye kazi hii. Mtu akinenepa huanza kiunoni, au makalio, au mikono. Sijapata kuona mtu anayenenepa shingo peke yake huku mabega yanapungua. Nikamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikamwambia, "Inua kidevu. Meza mate." Akameza, nikaona kitu mbele ya koo kinapanda na kushuka, kipana kama kipepeo aliyekunja mbawa.

"Hii imekuwepo tangu lini?"

"Sijui, mama."

"Inauma?"

"Haiumi. Inakaba tu nikilala." Halafu akaniuliza, kwa sauti yake ile nzito, "Ni mbaya?"

Katika miaka miwili, hiyo ndiyo mara ya kwanza aliniuliza kitu, au labda mara ya kwanza nilisimama nikasikia. Nikamwambia kesho tunakwenda kliniki, mimi na yeye. Nimefunga chumba cha kushonea kabla ya jua kuzama.

Tarehe 8

Kliniki jana ilifungwa. Tumekwenda leo.

Mkunga ni mama wa makamo, mfupi, miwani imefungwa kwa plasta. Alisimama nyuma yake akamgusa koo, vidole vyote, macho kayafumba. Akashika mkono wake akahesabu mapigo akitazama saa ya ukutani, na nikaona uso wake unabadilika. Kisha akaanza kuuliza.

"Analala sana?"

Nikajibu mimi. "Ndiyo."

"Anasikia baridi watu wakiwa na joto?"

"Ndiyo."

"Sauti imekuwa nzito? Nywele zinakatika? Anasahau? Anafanya mambo pole pole, anaelewa kwa kuchelewa?"

Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Nilikuwa nayo yote mdomoni tayari. Hakuna hata moja nililohitaji kulifikiri, kwa sababu nimekuwa nayasimulia yote kwa muuza mkaa kiangazi kizima, mojamoja, kama vichekesho.

Mkunga akasema kuna tezi shingoni, ndiyo inayoendesha mwili wote, kama mtu anayekanyaga cherehani: akipunguza mguu, kila kitu kinapungua, hata mawazo, hata choo. Na mama mjamzito anahitaji ikanyagwe zaidi, maana mtoto tumboni anategemea ya mama. Atachukua damu, itapelekwa hospitali kubwa, majibu wiki mbili. Hapa hawana mashine wala vidonge, na vidonge havitolewi bila majibu.

Halafu akaniangalia mdomoni. "Mama, wewe ni wa mtaa wa kisima?"

"Nimezaliwa hapo."

"Mnakunywa maji ya kile kisima?"

"Safi kabisa," nikasema. "Na namchemshia mwenyewe. Nachemsha mpaka yabaki nusu."

Akaweka kalamu chini. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma: "Kuchemsha kunaua vijidudu, mama. Lakini maji ya huku yana madini, floraidi, ndiyo inayotia meno rangi. Madini hayafi kwa moto. Maji yakipungua, yenyewe yanabaki palepale. Na ikizidi mwilini kuna wanaosema inaisumbua hiyo tezi, hasa chakula kikiwa na upungufu. Chumvi gani mnatumia?"

Ya mawe, ya kupimiwa sokoni. Nimeitumia maisha yangu yote.

"Tumieni ya pakiti, iliyoandikwa ina madini joto. Na maji mtafute mengine, ya chupa hata kama ni ya kunywa tu. Na chai apunguze, majani ya chai nayo yanayo."

Njiani mkwe wangu alitembea nyuma yangu hatua mbili tatu, kama kawaida yake. Nikasimama nikamsubiri. Nikamshika mkono kama tunavuka barabara, na barabara ilikuwa tupu.

Tarehe 9

Nimemwaga birika lote la chai.

Tarehe 13

Nimemwambia muuza mkaa asimwite tena lile jina. Akasema, "Si wewe uliyempa?"

Tarehe 16

Analala. Nami leo nimekaa karibu na kitanda nashona kwa mkono, namsikiliza anavyopumua. Kabla hajalala aliuchukua mkono wangu akauweka tumboni. Mtoto alipiga teke dogo, kama mtu anayebisha hodi kwa heshima.

Tarehe 19

Ninaandika haya siku nne baadaye. Nimeweka tarehe ya siku yenyewe.

Asubuhi aliamka kabla yangu. Nilimkuta kasimama mlangoni mwa chumba cha kushonea, kashika tumbo kwa mikono miwili. Akasema, "Mama, tangu jana mchana hajacheza."

Nikasema pengine amelala. Hilo ndilo neno lililonitoka. Pengine amelala.

Tulikodi gari la kwanza lililopita. Kliniki, mkunga akaweka kile chombo chake cha kusikilizia tumboni. Akakisogeza. Akakisogeza tena. Nilikuwa nasikia saa ya ukutani. Mkwe wangu alikuwa anamwangalia mkunga usoni bila kupepesa, na mkunga alikuwa anaangalia tumbo, na mimi nilikuwa naangalia ile plasta kwenye miwani. Kisha mkunga akavua kile chombo masikioni akakaa kitandani kando yake, wauguzi hawafanyi hivyo, akamshika mkono.

"Binti yangu," akasema.

Hakuhitaji kuendelea.

Walimpeleka hospitali kubwa, wakamwanzishia uchungu. Ilichukua mchana wote. Niliruhusiwa kukaa naye. Hakupiga kelele. Mara moja tu, karibu na mwisho, aliita, "Mama," nikainama nikasema, "Niko hapa," lakini sijui kama alikuwa ananiita mimi au aliyemzaa.

Mtoto wa kike. Alikuwa na kila kitu. Kucha. Nyusi. Alikuwa na kidevu cha mume wangu.

Nilikuwa nimemshonea nguo sita, nimezibeba kwenye mfuko bila kujua kwa nini. Zote zilimzidi. Muuguzi akasema si lazima, tutamfunga kitambaa. Nikasema lazima. Sindano sitembei bila kuwa nayo, iko kwenye ukosi wangu siku zote. Nikaomba mkasi, nikakaa kwenye benchi la korido, watu wakipita na mabeseni na chupa za dripu, nikapunguza ile ya maua madogo. Mabega. Mikono. Pindo. Nimeshona mavazi ya maharusi na ya majaji, sijawahi kushona kwa uangalifu vile. Nilimvisha mwenyewe. Ilimkaa sawasawa.

Mwanangu alifika siku ya pili, alikuwa ameendesha bila kusimama. Tulimzika asubuhi, sisi wachache. Mkwe wangu alikuwa bado wodini.

Tarehe 24

Majibu yametoka. Tezi imelala kabisa. Daktari amesema hajui mtu huyu alikuwa anatembeaje. Amepewa vidonge, kimoja kila asubuhi kabla ya kula, labda maisha yake yote.

Nilimuuliza daktari kwa sauti ndogo, mwanangu asisikie, "Ni maji yangu?"

Ni kijana, lakini hakunikwepa. "Siwezi kukuambia ni maji, mama, na siwezi kukuambia si maji. Inaweza kuwa chumvi, inaweza kuwa tezi yenyewe ilikuwa dhaifu, inaweza kuwa vyote pamoja. Ninachoweza kusema ni kwamba tungejua mapema, vidonge vinge..." Akaacha hapo.

Mapema. Vipimo vyangu viko humu humu daftarini, kurasa za mbele, na tarehe zake.

Tarehe 2, mwezi wa kumi na moja

Mpima maji amekuja na chupa zake, mkunga ndiye aliyemtuma. Alichota, akatia dawa, akatazama rangi. Floraidi ni zaidi ya mara nne ya kiwango. Akasema wakati wa kiangazi huzidi, maana maji yamepungua chini. Nimefunga kisima kwa kufuli. Majirani wamegomba getini. Muuza mkaa amesema nimeringa. Nimekaa kimya, nami kukaa kimya sijazoea.

Tarehe 10

Joto. Mawingu yanakuja na kuondoka.

Tarehe 21

Nimeamshwa na harufu ya sakafu iliyopigwa deki. Saa kumi na mbili asubuhi. Mkwe wangu alikuwa ameshafagia, ameosha vyombo, amepanga nyuzi zangu kwa rangi, kitu nilichokuwa nikisema nitafanya tangu mume wangu akiwa hai. Sauti yake imeanza kurudi. Si nzito. Ni nyembamba, ina kichekesho ndani.

Tarehe 27

Leo kanichekesha. Muuza mkaa alipita barabarani na kikapu, akasimama, akatupa jicho getini, akaendelea. Mkwe wangu akainuka, akashika kikapu cha vitambaa, akatembea hatua sita ndani ya chumba: ule mwendo, ule mgongo, ile namna ya kusafisha koo kabla ya kusengenya. Muuza mkaa mtupu! Nilicheka mpaka nikaishika meza ya kukatia. Naye akacheka, na meno yale yote yakaonekana.

Halafu wote wawili tukakumbuka, kila mmoja akarudi kwenye kitambaa chake.

Vifungo anashona haraka kuliko mimi. Hesabu za kitambaa anazifanya kichwani. Anajua maneno ya nyimbo nyingi, anakumbuka nani alisema nini na siku gani. Kumbe huyu ndiye msichana ambaye mwanangu alimwona akampenda. Alikuwa humu ndani muda wote, chini ya ule usingizi, na mimi nilikuwa nagonga juu kwa kelele nikimlaumu kwa kutofungua.

Tarehe 3, mwezi wa kumi na mbili

Tulikuwa tunakata sare za muhula mpya, yeye upande ule wa meza, mimi huku. Akasema bila kuinua macho kutoka kwenye mkasi, "Mama, nilikuwa nasikia."

"Unasikia nini?"

"Zamani. Mnaposema na jirani. Bi Usingizi. Ile ya godoro." Mkasi uliendelea. "Nilikuwa nasikia kila neno. Nilikuwa natafuta jibu, na jibu likija, nyie mmeshaondoka, mmeshaanza mengine. Ni kama mtu yuko chini ya maji anaona watu juu wanaongea."

Nikaweka tepu chini. Nikapiga magoti. Magoti yangu haya yaliyokakamaa, nikayapiga sakafuni, nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa na macho ya fundi na sikukutazama."

Alikuja akaninyanyua. Alilia, nami nikalia, tukasimama katikati ya vipande vya vitambaa vya bluu. Akasema, "Nimekusamehe, mama. Nilishakusamehe hospitalini, uliponipunguzia mtoto nguo." Akanifuta uso kwa kiganja. "Lakini siwezi kukaa hapa. Kila pembe ya nyumba hii najiona mimi yule, nimelala. Na pale uani siwezi kupita."

Nikasema naelewa. Ni kweli naelewa. Ningetoa mikono yangu miwili nisielewe.

Tarehe 5

Mvua ya kwanza. Imenyesha robo saa, ikaacha harufu. Watoto wametoka barabarani kupiga kelele.

Tarehe 9

Mwanangu amepata nyumba karibu na yadi ya malori, mji mwingine, maji ya mto. Mkwe wangu atatangulia kwao kwa mama yake kwa mwezi mmoja, kisha amfuate mumewe. Nimemshonea magauni mawili. Vipimo nilivichukua kwa macho. Sikutaka kumzungushia tepu.

Tarehe 12

Kaondoka leo.

Nilimsindikiza kituoni. Mvua nyepesi tangu alfajiri. Nilibeba begi dogo, yeye kubwa, na safari hii mimi ndiye nilikuwa nyuma hatua mbili tatu, naye akasimama akanisubiri. Tuliongea mambo ya kawaida: vidonge asisahau, asinywe na chai, kliniki ya kule iko wapi. Nikamwambia akishika mimba tena asisubiri, siku hiyo hiyo aende akapimwe. Akasema, "Siku hiyo hiyo, mama."

Kondakta akaita abiria. Akaweka mguu kwenye ngazi, kisha akaushusha, akarudi kwangu. Akanikumbatia, mdomo wake karibu na sikio langu.

"Kuna jambo sijamwambia hata mume wangu. Mtoto nilikuwa nimeshampa jina. Tangu mwezi wa saba, siku mume wangu alipokupigia simu. Nilikuwa nasubiri azaliwe ndipo nikuambie, nilitaka niuone uso wako."

"Jina gani?"

"Lako, mama. Nilimpa jina lako."

Kisha akapanda, na basi likaondoka, na mimi sikupunga mkono kwa sababu sikuuona mkono wangu uko wapi.

Mwezi wa saba. Kwa hiyo siku ya vifungo, alipokaa pale chini anafumua, wale wateja wakicheka, tumboni alikuwa amembeba mtu mwenye jina langu. Na alipolala alilala naye. Na alipoamka saa tatu akaniambia shikamoo.

Nimerudi kwa miguu. Mvua ilikuwa imeongezeka, mitaro inapita maji mekundu, watu wameweka ndoo na mabeseni chini ya mabati. Muuza mkaa alikuwa kasimama mlangoni kwake. Nadhani alitaka tupatane. Aliponiona nimelowa vile akaniita kwa jina langu, kwa sauti, mara mbili, mara tatu.

Sikuweza kuitika.